Njia Aliyofungiwa Josepha

Kwa miaka saba Josepha alikitunza kisasi chake kama watu wanavyotunza mbegu, mahali pakavu, mbali na panya. Hakuna aliyekiona. Alilima, alipika, alimkanda baba yake mguu mbovu kwa maji ya moto kila jioni, na Jumapili aliimba kanisani pamoja na wenzake. Lakini kila alipopita njia panda ya Nsalala, kule mlimani, alisimama kidogo akasema moyoni, "Yahaya, utarudi tu. Dunia si kubwa kiasi hicho."

Na Yahaya akarudi.

Alirudi Jumanne asubuhi, mwaka wa sabini na mbili, kwa lori la Idara ya Misitu. Likamteremsha katika kijiji cha Isungwa yeye na madebe mawili ya rangi nyeupe, brashi tatu na mkoba wa turubai. Lori likaondoka, dereva akisema atapita tena saa kumi na moja jioni.

"Huyu ni Bwana Yahaya Mabruki, mtu wa Kanyenye, pale Tabora mjini," alisema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masolwa, akiwa amesimama naye mbele ya nyumba ya mwisho kabisa katika mstari, nyumba ya Mzee Kasimiri, baba yake Josepha. "Anataka ile njia ya zamani ya misafara ipakwe alama kwenye miti, kutoka hapa kupita mlimani na msituni, mpaka ziwani Ikunda. Watakuja wageni na wanafunzi, watembee."

"Watembee kwenda wapi?" aliuliza mjomba Tobias, kaka wa marehemu mama yake Josepha.

"Kwenda ziwani na kurudi."

"Na mzigo?"

"Bila mzigo."

"Haya! Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwenye njia hiyo mpaka bega likaota sugu. Angejua kuna watu watakaoipita kwa kupenda wenyewe, angewangoja awape mzigo."

Watu wakacheka. Yahaya naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kumwona Josepha, aliyesimama mlangoni na ungo mkononi. Akainama kwanza kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee Kasimiri."

"Marahaba," alijibu mzee bila kuinua kichwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akitengeneza mfuniko wa mzinga wa nyuki, na mikono yake ilisimama ghafla. Josepha aliiona ikisimama, huruma ikamwingia. Alidhani baba anamwonea uchungu yeye, bintiye.

"Habari za siku nyingi, Josepha," alisema Yahaya.

"Nyingi? Umezihesabu?"

"Nimezihesabu."

"Basi umenishinda. Mimi nilikuwa na kazi."

Mwenyekiti akakohoa. Alisema kwamba njia zote za msitu ule alizijua Mzee Kasimiri, aliyetega mizinga huko tangu ujana, lakini kwa kuwa mguu wake ulivunjika miaka sita iliyopita na haukuunga vizuri, sasa anayezijua ni binti yake. Je, binti anaweza kumwongoza mgeni?

"Haendi," alisema mzee upesi. "Atafutwe mtu mwingine."

"Nani mwingine, baba?" Josepha aliweka ungo chini. "Nitakwenda. Mjomba atatufuata nyuma akipaka rangi. Nimwongoze Bwana Yahaya vizuri, asije akapotea."

Alisema hayo akitabasamu, na tangu mama yake afariki hakuna aliyepata kuliona tabasamu zuri kama lile usoni pake.

Yahaya alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu alipokuwa akija Isungwa kwa baiskeli kununua nta. Josepha alikuwa na kumi na tisa. Yahaya Mwislamu wa mjini, Josepha mtoto wa Kikatoliki wa msituni, na pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kusema hapana. Mama yake Yahaya alisema hapana kwa upole, akimpakulia mwanawe wali. Mzee Kasimiri alisema hapana mara moja tu, kisha akanyamaza. Basi vijana wakapanga. Yahaya angetangulia alfajiri, Josepha angefuata jua likichomoza, wakutane ziwani, kwenye Jiwe la Wavuvi, wavuke kwa mtumbwi waende kufunga ndoa ya bomani.

Josepha alitoka na kifurushi chake. Alipofika njia panda ya Nsalala, akakuta tawi bichi limelazwa mdomoni mwa njia ya ziwani.

Mtu wa mbali haelewi uzito wa jambo hilo. Tangu zama za misafara, anayetangulia ndiye anayezifunga njia kwa ajili ya walio nyuma. Njia isiyopitwa hulazwa tawi bichi, ili mgonjwa, mjamzito na mwenye mzigo mzito wasipotee. Unyamwezini mtu anaweza kukudanganya kwa maneno, lakini kulaza tawi la uongo ni sawa na kutia sumu kisimani. Kwa hiyo Josepha hakuwaza mara mbili. Alijua Yahaya amebadili njia, amemfungia hii asipotee. Akashika ya kushoto, iteremkayo Kisima cha Wapagazi.

Alimngoja pale kisimani siku mbili, akila matunda ya mwituni. Siku ya tatu alirudi nyumbani. Baba hakumwuliza neno, alimpa uji tu. Ila wanawake waliokuwa wakitwanga walitunga wimbo wa kumcheka, na wimbo ule uliimbwa misimu mitatu. Kilichomuuma kuliko wimbo ni lile tawi. Mtu aliyetaka kumkimbia angeweza kukimbia tu. Huyu alisimama, akakata tawi, akalilaza, ampeleke mbali, apate nafasi ya kuondoka kwa raha.

Leo ilikuwa zamu yake.

*

Njia ilipanda taratibu kati ya miti ya miyombo iliyokuwa imechipua majani mekundu. Josepha alitangulia, Yahaya akafuata, na mjomba Tobias akabaki nyuma, kila baada ya hatua hamsini akipaka mti mstari mmoja mweupe na kuuambia, "Tulia wewe, unanyolewa."

Alipoona mjomba anahema, Yahaya alirudi akamchukulia debe. Mbele kidogo ukanda wa kandambili ya mzee ulikatika, Yahaya akaketi chini, akafungua kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaifungia ile kandambili. Alitembea tangu hapo kiatu kimoja kikimlegea. Josepha aliyaona yote hayo, na akachukia kuyaona.

"Umenenepa," alimwambia bila kugeuka.

"Mama ananipikia."

"Na mke?"

"Sina mke."

"Wamekukimbia? Ajabu. Mimi nilidhani wewe ndiye hukimbia."

Walivuka kijito kwa mawe. Yahaya alinyoosha mkono amshike, Josepha akaruka peke yake.

"Na wewe," Yahaya aliuliza baadaye, sauti yake ikiwa chini, "kule ulikokwenda, hukukaa?"

Josepha alikaza mwendo. Anathubutu kuniuliza habari za kisimani!

"Nilikaa siku mbili."

"Mbili tu?"

"Ulitaka nikae ngapi? Nife huko?"

"Nilidhani ni jambo la maisha," alisema Yahaya, akacheka kicheko kikavu kisicho na furaha. "Basi. Mungu anajua zaidi."

Unacheka, alisema Josepha moyoni. Cheka. Jioni utacheka na vyura.

Njia panda ya Nsalala ina njia tatu. Ya kulia inakwenda Jiwe la Wavuvi. Ya kushoto inateremka kisimani. Ile ya katikati ni ya wanyama na wakata matete, inashuka mpaka Ghuba ya Matete na kuishia hapo, kwenye tope na maji. Ukishafika chini, vijia vya wanyama ni vingi kama nywele, na mgeni hawezi kutambua ni kipi kilichomleta. Josepha alikuwa amepanga kila kitu. Atamwacha huko siku mbili. Hakutaka afe. Alitaka asikie njaa, atazame njia, ainuke kila jani linapotikisika akidhani ni mtu anakuja. Keshokutwa angekwenda kumtoa, na hapo ndipo angemwambia, "Sasa umejua."

"Shuka na hii ya katikati," alisema. "Ndiyo ya ziwani. Mimi namngoja mjomba, tutakukuta."

Yahaya aliitazama ile ya kulia kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

"Si hii?"

"Hiyo imezibwa na miti iliyoanguka. Nani mwenyeji, mimi au wewe?"

"Wewe." Alivua chupa yake ya maji shingoni akampa. "Baki nayo. Jua kali, na mzee atafika na kiu."

Akashuka, kiatu kimoja kikimlegea, hakutazama nyuma.

Josepha alisimama na ile chupa mkononi. Ilikuwa nzito, imejaa. Alifikiri kumwita. Kisha akaukumbuka wimbo wa kwenye vinu, neno kwa neno, akaiweka chupa chini, akachomoa panga, akakata tawi la mti wa mtundu lenye majani mengi. Mjomba akija angeikuta njia ya katikati imefungwa, na Josepha angemwambia kwamba Yahaya amekatiza kurudi kijijini. Akainama, akalilaza tawi mdomoni mwa njia.

"Josepha."

Mjomba Tobias alikuwa amesimama nyuma yake, brashi mkononi, rangi ikidondoka kwenye mguu wake. Hakuwa na utani usoni.

"Kijana yuko wapi?"

"Amerudi. Amekatiza."

"Nyayo zake zinashuka hapo. Kiatu kimoja kimekaza, kingine kinaburuta." Mzee aliliangalia tawi. "Mama wee. Mkono wa baba yako kabisa. Hata namna ya kulilaza, shina kushoto, majani kulia."

"Baba anaingiaje hapa?"

Mjomba akaketi juu ya jiwe.

"Miaka saba iliyopita nilikuwa nikitoka kukagua mizinga yangu asubuhi. Nikamkuta shemeji yangu papa hapa, anailazia tawi njia ya ziwani. Nikamwuliza kuna nini. Akasema kuna nyati aliyejeruhiwa. Nikaamini, nikapita. Siku ya tatu nikakutana na wewe unatoka kisimani, midomo imekupasuka. Ndipo nikaelewa."

Upepo ulipita juu ya miyombo, ukaenda zake.

"Aliijuaje safari yetu?"

"Baba yako husoma nyayo kama padre asomavyo kitabu. Aliona nyayo za viatu vya mjini zimepanda alfajiri, akaona kifurushi chako nyuma ya ghala. Akakutangulia kwa njia ya mkato."

"Na wewe ulijua. Miaka saba. Ulikula ugali wangu ukijua."

"Nilisema nitakwambia kesho." Machozi yalikuwa yakimshuka mzee, hakuyafuta. "Kila siku nilisema kesho. Nilimwogopa shemeji, nikakuogopa na wewe. Nipige ukitaka, mpwa wangu, lakini kwanza mtoe mwenzio huko. Kiboko amezaa kwenye ghuba. Wakata matete hawajatia mguu huko mwezi wa pili sasa."

Josepha aliruka lile tawi, akakimbia.

*

Alimkuta amesimama juu ya jiwe jeusi katikati ya matete, hatua kumi hivi kutoka nchi kavu. Yahaya alimwona akampungia mikono kwa nguvu: rudi, rudi! Josepha hakurudi. Aliingia kwenye tope mpaka magotini, akafika, akapanda, na alipogeuka akaona kile Yahaya alichokuwa akimwonyesha. Kati yao na nchi kavu maji yalitikisika, yakatoka masikio mawili madogo, macho mawili, na nyuma yake kichwa kingine kidogo cha mtoto.

"Sasa tumekuwa wawili," Yahaya alinong'ona. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukutoa."

"Naona."

"Usinicheke."

"Sicheki. Sema polepole, mama huyu ana hasira."

Jiwe lilikuwa dogo. Ilibidi wasimame bega kwa bega, pumzi ya mmoja shingoni mwa mwenziwe. Harufu ya rangi, ya jasho, na ya ile sabuni ya mjini ambayo Josepha aliitambua kabla hajafikiri. Wakagombana hapo ugomvi wa miaka saba, kwa kunong'ona.

"Nilikuleta huku kwa makusudi," alisema Josepha. "Nilitaka nikuache siku mbili."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Njia ya ziwani naijua. Niliipita. Haikuwa hii."

"Kwa nini basi ulishuka?"

"Nilijiuliza, akitaka kunipoteza, ana haki? Sikupata jibu. Nikaona nishuke nitafakari. Sikujua kuna kiboko."

Josepha alitaka kulia na kucheka, akazuia vyote viwili. "Siku ile, Yahaya. Ulikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Nilikuwa pale tulipoahidiana. Jiwe la Wavuvi. Nilikungoja mchana kutwa. Wavuvi walinipa samaki wa kuchoma, mzee mmoja akanifunika shuka lake. Kesho yake nikaja kwenu kwa kuzunguka na barabara."

"Kwetu?"

"Kwenu. Nilimkuta baba yako kwenye kigoda. Nikapiga magoti, Josepha, mimi mtoto wa Mabruki, nikapiga magoti kwenye vumbi. Akaniambia, 'Umechelewa. Amekwenda kwa masista, awe mtawa. Amesema usimtafute.'"

Kiboko alipiga maji kwa pua. Wote wawili walinyamaza mpaka akatulia.

"Mtawa," alisema Josepha.

"Ningefanya nini? Angeniambia umeolewa, ningekuja kugombana na mumeo. Nigombane na Mungu? Nilirudi mjini nikamwambia mama asinitafutie mke. Mwaka jana ndipo nikasikia kwa muuza asali kwamba yuko binti wa Isungwa anayejua njia zote za mlimani, anaitwa Josepha. Niliomba kazi hii mara tatu. Wenzangu hawaitaki, wanasema ni kupaka rangi miti."

"Na tulipokuwa njiani ulipouliza kama sikukaa..."

"Kwa masista. Ukanijibu siku mbili."

"Nilikuwa kisimani!" Sauti ilimtoka. Kichwa kikubwa kiligeuka majini, nao wakashikana mikono bila kujua. "Nilikuwa kisimani," alinong'ona tena, "nikikungoja. Njia ilikuwa imefungwa."

"Nani aliifunga?"

Josepha alifungua mdomo, lakini hakuweza kulitamka jina. Hakuhitaji. Yahaya alimtazama usoni, akaelewa, na vidole vyake vikaukaza mkono wake polepole, kama mtu anayeshika kitu kilichowahi kumponyoka.

Juu ya ukingo wakasikia kelele kubwa za bati. Mjomba Tobias alikuwa akiligonga debe kwa panga, akirukaruka na kupiga mayowe, "Toka! Toka, mama mwenye nyumba! Wageni wanaondoka! Hatukuja kwa mtoto wako!" Kiboko alimsikiliza kwa muda, akakoroma, kisha akamsukuma mwanawe kuelekea maji ya kina. Yahaya na Josepha wakashuka topeni wakakimbia wameshikana, na kile kiatu kilicholegea kikabaki humo hata leo.

*

Saa tisa walirudi Isungwa. Mzee Kasimiri alikuwa bado kwenye kigoda chake, mfuniko wa mzinga mapajani, haujasogea. Alitazama miguu yao iliyojaa tope, kisha mkono wa binti yake uliokuwa ndani ya mkono wa Yahaya, akaelewa yote kabla hawajafika.

Josepha hakupaza sauti. Alipika. Alisonga ugali, akachemsha kunde kwa karanga, akapakua vyote kwenye vyombo vikubwa, akatandika mkeka mbele ya kigoda cha baba yake.

"Keti, Yahaya. Ule na baba, sahani moja."

"Mimi sina njaa," alisema mzee.

"Utakula. Yeye amekusubiri miaka saba ule naye. Nawa."

Mzee akanawa. Wakala, mjomba Tobias akiwa pembeni anatafuna polepole kama mgonjwa. Chakula kilipoisha, Josepha alikuja akasimama mbele yao.

"Sasa, baba. Mwambie nilikuwa wapi."

"Josepha, mwanangu..."

"Mwambie yeye, si mimi."

Mzee Kasimiri alifuta mikono kwenye goti. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu asiyezoea kuomba.

"Hakwenda kwa masista. Nilidanganya. Alikuwa kisimani, anakungoja. Njia niliifunga mimi." Akafuta tena mikono. "Mama yake alikuwa amekufa mwaka ule ule. Nilisema, huyu akienda mjini, akaingia dini nyingine, nitabaki na nani? Nilitaka nimzuie mwezi mmoja tu, apoe. Kisha nikaona aibu. Halafu nikazoea."

"Nimekusikia, mzee," alisema Yahaya. Akaongeza, "Sijui kama nimekusamehe. Lakini nimekusikia."

Kutoka barabarani ilisikika honi ya lori. Josepha aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya, na kifurushi chini ya kwapa.

"Nakwenda Kanyenye na mjomba, nikamwamkie mama yake Yahaya. Mengine tutazungumza huko na wakubwa. Kuni nimekuwekea za siku mbili. Unga upo wa siku mbili. Maji yapo."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu utatazama njia."

"Utarudi?"

"Baba, mimi kule kisimani nilimwuliza nani?"

Alisema hivyo akageuka, akaanza kwenda. Neno kama lile alikuwa ameliota miaka saba, japo kwa ajili ya mtu mwingine, na alikuwa amefikiri litakuwa tamu. Lilikuwa na utamu wake, hatakataa. Yahaya alitembea kando yake peku, na mjomba akafuata.

Walipofika kwenye kona ya ghala Josepha alisimama.

"Ningojeni."

Alirudi mwendo wa haraka. Mzee alinyanyua uso, matumaini yote yamejaa machoni, lakini Josepha hakumtazama. Alipita mbele yake akaingia jikoni, akaukumbatia mtungi wa maji, mzito kama mtu, akauburuta mpaka karibu na kigoda, mahali ambapo mwenye mguu mbovu angeweza kuufikia bila kusimama. Akaweka kata juu yake. Kisha akatoka, akalifuata lori.